Presha na mifupa baada ya hedhi kukoma: Daktari anajibu

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 54 na ninafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Hedhi yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana niligundulika kuwa na presha, nikaanzishiwa vidonge vya kukojoza. Jirani yangu, ambaye alivunjika mkono kwa kuteleza bafuni, ananiambia kuwa vidonge hivyo ndivyo vinavyomaliza mifupa na kwamba ni heri niviache. Je, ni kweli?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama, usiviache. Kwanza tazama jina lililoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu vidonge vya kukojoza haviko vya aina moja. Bendrofluazidi na haidroklorothiazidi, ambavyo hutolewa mara nyingi kwa wagonjwa wa presha, huzifanya figo zibakize kalsiamu mwilini badala ya kuitoa kwa mkojo, kwa hiyo kwa upande wa mifupa vina nafuu kuliko madhara. Furosemidi, ambayo hutumiwa zaidi pale mwili unapojaa maji, hufanya kinyume chake. Kama unatumia hiyo, mwulize daktari wako sababu ya kuichagua, lakini usiikatize kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kinachopunguza mifupa katika umri wako ni kushuka kwa homoni ya estrojeni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia mfupa usimeng'enywe haraka kuliko unavyojengwa. Upungufu huo huenda kasi zaidi katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, yaani kipindi ulichomo sasa, na ndicho kipindi ambacho presha nayo huanza kupanda kwa wanawake wengi.

Ningependa jirani yako akuulize habari ya chumvi kabla ya vidonge. Figo zinapotoa chumvi iliyozidi, kalsiamu hutoka pamoja nayo, hivyo chumvi nyingi hupandisha presha na papo hapo huipunguzia mifupa akiba yake. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo ndani ya kayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi), mkate na viungo vya pakiti. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na wewe unauza mojawapo ya vyanzo vyake vizuri kabisa: dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, tofauti na minofu ya sangara, ambayo ina kalsiamu kidogo. Chagua waliokaushwa bila chumvi, uwaoshe mchanga vizuri, na uongeze maziwa au mtindi unapopata. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake hufyonzwa kwa shida.

Kuhusu kuanguka, jirani yako amegusa jambo la kweli. Dawa yoyote ya presha inaweza kuleta kizunguzungu unaposimama ghafla, hasa usiku unapokwenda msalani. Meza kidonge cha kukojoza asubuhi, na ukiamka keti kwanza kitandani kidogo. Kizunguzungu kikiendelea, rudi kliniki ili upimwe presha ukiwa umeketi na ukiwa umesimama.

SWALI: Mama yangu ana miaka 67. Aliinua ndoo ya maji akapata maumivu makali ya mgongo, na sasa naona amepungua kimo. Ndugu wanasema ni uzee, achuliwe tu.
Binti wa Ukerewe

JIBU: Asichuliwe mgongo kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Pingili ya mgongo iliyodhoofika inaweza kubonyea kwa kuinua mzigo wa kawaida, na kupungua kimo ni dalili yake. Akipata ganzi au udhaifu wa miguu, au akishindwa kuzuia haja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ikithibitika kwamba mifupa imedhoofika, ziko dawa za kuiimarisha. Akiandikiwa alendroneti, aimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha asile wala asilale kwa angalau nusu saa, kwa sababu kidonge hicho huunguza koo la chakula kikikwama.