Njia imekuwa barabara: maswali yenu ya nywele zilizonyonyoka

Haya jamani nimerudi. Juzi niligusia kidogo tu habari ya nywele za mbele kuisha, meseji zikamiminika mpaka simu ikaganda, kumbe tuko wengi. Nimechukua chache zinazofanana na za wengi. Ila mjue mnaongea na nani, mi nimesuka vichwa vya watu miaka kumi na mbili na mwenyewe pande zangu mbili hapa juu ya masikio zimebaki vinyweleo vya kuhesabu, kwa hiyo ni mgonjwa mwenzenu huyu, sio dokta.

Dada, tangu fomu wani napasua njia katikati, sasa nina miaka 29 na njia imekuwa pana kidole kinalala. Zitarudi kweli? (Tabata)

Kidole kimoja bado tuko pazuri shosti. Fanya hivi, kesho mchana kaa dirishani, mwambie mtu akupige picha ya njia kwa karibu, alafu ikuze. Unatafuta vitu viwili tu. Kama unaona vitundu vitundu vya ngozi na vinywele vyembamba vifupi kama malaika ya mkononi, mizizi bado ipo, imechoka tu. Kama ngozi imekuwa nyororo inang'aa na huoni hata kitundu, hapo ni kovu, na kovu halioti nywele hata ulimwagie nini.

Sasa kwanini njia? Fikiria unavyobana, nywele zilizo katikati ya fungu zinasaidiana kubeba, lakini ule mstari uliopakana na njia unavutwa upande mmoja tu na hauna jirani wa kuushika, na wewe umeuvuta hapohapo miaka kumi na tano. Mzizi ukivutwa sana unaamua kupumzika, na ukipumzika unakaa kama miezi mitatu ndio uanze kusukuma unywele mpya, na huo mpya unaongezeka kama sm 1 kwa mwezi, zetu za kipilipili mara nyingi hata haifiki hapo. Kwa hiyo ukianza leo usije kunililia wiki ya tatu kwamba huoni kitu, utaanza kuona mwezi wa nne mpaka wa sita. Piga picha moja kila mwezi dirisha lilelile, saa ileile, kioo cha bafuni kinadanganya.

Cha kufanya ni kidogo sana na ndio maana watu hawakiamini: hamisha njia. Leo kushoto, mtindo ujao kulia, mwingine pasua kama nyoka anavyopita, mwingine usipasue kabisa. Na miezi mitatu ya kwanza usisuke na wala usibane juu, acha zilale.

Ila kama hujawahi kukaza na njia inapanuka yenyewe huku utosi wote unakuwa mwepesi, na ukimuangalia mama au shangazi yuko hivyohivyo, hiyo inaweza kuwa ya ukoo na ina dawa zake. Na ikianzia utosini katikati, inawasha au inachoma, usikae nayo hata mwezi, kuna ugonjwa unaoanza hivyo na unaacha makovu. Nenda kwa daktari wa ngozi. Walio Kaskazini mna bahati, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Anti naona aibu hata kuandika. Nikiwa naangalia simu au nawaza, mkono unaenda wenyewe kichwani natafuta unywele mgumu mgumu nang'oa. Nimebakiza kiraka hapa mbele kama shilingi. Mume wangu anasema nina jini. (Mwanza)

Pole mdogo wangu, na wala huna jini. Hii kitu ina jina la kidaktari, trikotilomania, daktari mmoja wa Ufaransa, Hallopeau, ndiye aliyeipa hilo jina mwaka 1889, kwa hiyo kabla bibi yako hajazaliwa watu walishakuwa wanang'oa. Sio ujinga na sio kukosa adabu ya mkono, ndio maana kukwambia "acha tu" hakusaidii, ungekuwa na uwezo wa kuacha tu ungeandika huku?

Umesema kitu kizuri wewe mwenyewe bila kujua: unatafuta ule mgumu. Karibu wote walioniandikia wana unywele wao wanaoutafuta, wengine mnene, wengine uliojikunja. Kwa hiyo kazi ya kwanza sio kuzuia mkono, ni kumjua mwizi anakuja saa ngapi. Wiki moja weka daftari kitandani, kila ukijikuta umeng'oa andika saa, ulikuwa wapi, mkono gani. Dada mmoja niliyemsuka aligundua anang'oa akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto tu, mkono wa kulia, kuanzia saa nne usiku. Basi akawa kabla ya saa nne anafunga kitambaa na anashika tasbihi. Hakuacha siku hiyo, ila zile za kung'oa bila kujua zilipungua sana.

Plasta kwenye kidole gumba na cha shahada inasaidia, maana ile hisia ya kuupapasa unywele inapotea. Na ukiona mkono umeanza safari, kunja ngumi ubane dakika moja mbili mpaka hamu ipite. Hii sijaitunga mimi, ni sehemu ya mbinu ya wanasaikolojia iliyoanza kuandikwa Marekani mwaka 1973, ukipata mwanasaikolojia anayeijua atakupeleka nayo vizuri kuliko mimi, uliza hospitali ya rufaa kitengo cha afya ya akili na usiogope jina la kitengo.

Kiraka chako? Zikiachwa kwa kawaida zinaota. Zitaanza fupi za kusimama zinakuna, na huo ndio mtego mkubwa, maana zile zinazosimama ndizo mkono unazipenda. Hapo paka mafuta zilale, funga kitambaa. Za kwanza zinaweza kuja na rangi au mkunjo tofauti, usiziadhibu. Ila kiraka kilekile kikiguswa miaka na miaka kinaweza kugoma.

Na kama ukishang'oa unatafuna au unameza, tafadhali hilo mwambie dokta hata kama ni aibu, nywele hazisagiki tumboni, zinajikusanya zinakuwa fundo na kuna watu wanafanyiwa upasuaji kulitoa.

Nikisuka rasta usiku silali bila Panadol na asubuhi vipele vyeupe mbele. Shoga zangu wanasema ndio kawaida, zitalegea. (Mbagala)

Zitalegea ndio, na mzizi nao utalegea. Jamani hii "ndio kawaida" imetumaliza. Mi mwenyewe nilisukwa rasta za harusi ya binamu, nimekaa chini tangu asubuhi, zimekazwa mpaka macho yamekaa kichina kwenye picha zote, nilikuwa siwezi kukunja uso wala kulala chali, na nikameza vidonge vyangu nikasema urembo ni kuvumilia. Nilipozifumua wiki ya sita, pale mbele kwenye kila rasta kulikuwa na kishungi cha nywele kimetoka nacho, zile nywele zina kitone cheupe mwishoni. Kitone cheupe maana yake unywele umetoka na shina lake, haujakatika. Kidogo kidogo ni zile za kawaida, kila mtu anadondosha kama 50 mpaka 100 kwa siku na kwenye rasta zinabaki humohumo, ila kishungi kutoka sehemu moja ni kuvutwa huko.

Vipele ni mzizi unakwambia umeumia. Fumua zile za mbele, leo, hata kama umelipia elfu hamsini. Nyingine ya kuangalia: ukiona vitu vyeupe vimezunguka unywele karibu na ngozi kama mayai ya chawa, lakini ukivisukuma kwa kucha vinateleza kama shanga kwenye uzi, mayai ya chawa hayatelezi, hivyo vinatokea nywele ikiwa inavutwa sasa hivi. Na kama una dawa ya kunyoosha nywele kichwani, yaani umeirudishia juzi na leo unasuka, hapo unatafuta kabisa. Acha angalau wiki mbili.

Cape Town kule watafiti wakiwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo wa magonjwa ya ngozi walikagua vichwa, karibu theluthi ya wanawake watu wazima walikutwa na upungufu huu wa pembezoni. Theluthi! Kaeni watatu kwenye benchi la saluni muangaliane.

Minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inafanya kazi? Nanyonyesha mtoto wa miezi minne. (Kigamboni)

Inafanya kwa baadhi, ila wewe subiri. Ukiwa na mimba au unanyonyesha haishauriwi. Tena miezi minne baada ya kujifungua ndio wakati wenyewe wa nywele kudondoka, wazazi wengi wanapitia na nyingi zinarudi mtoto akikaribia mwaka, huenda huna tatizo la kukaza kabisa. Muone mkunga upime na damu, ukiwa na upungufu wa madini ya chuma nywele zinasuasua.

Kwa wengine: ilikuwa dawa ya presha, wagonjwa wakawa wanaota nywele ovyo, ndio ikageuzwa ya kupaka. Wiki za mwanzo unaweza kudondosha zaidi, usikimbie. Inataka miezi minne na kuendelea ndio uhukumu. Usiipake kwenye ngozi yenye vidonda, nawa mikono isije ikaotesha ndevu mashavuni, na kama una paka ndani asikulambe kichwa wala mto wako, kwa paka ni sumu ya kuua. Na haina maana yoyote kupaka asubuhi alafu jioni unakaza mkia wa farasi.

Maji ya kitunguu na mafuta ya nyonyo je? (wengi sana)

Nyonyo inalainisha, inazuia kukatika, inafanya zilizopo zionekane nzito. Kuamsha mzizi uliolala sijaona ushahidi wa kuweka kichwa changu dhamana. Kitunguu kinanuka na wengine kinawababua, mteja wangu alikuja na paji limeiva kama kaungua. Ukipenda nyonyo paka, ila paka kidogo na usisugue kwa hasira, kusugua nako ni kuvuta.

Mwanangu ana miaka mitano, pembeni mabutu yamemnyonyoa. Nimnyoe? (Dodoma)

Mnyoe au mkate fupi, mtoto anapona haraka kuliko sisi. Akisuka tena iwe twende kilioni nyepesi, mikubwa, bila raba bendi, na akilia msusi aache. Ila angalia kwanza, kama sehemu ilionyonyoka ina magamba na duara inaweza kuwa mapunye, hayo yanataka dawa ya kumeza kutoka hospitali, kupaka tu hakutoshi.

Mimi navaa hijabu, ndani nabana kifundo nyuma. Mbele zinaisha, nimeambiwa ni joto la hijabu. (Tanga)

Ni kifundo dada yangu, kitambaa unakisingizia. Kibane chini karibu na shingo siku moja, siku nyingine suka mbili tu zilale, na ile kofia ya ndani isiwe ya kubana paji na iwe ya satini. Usidhani hii ya nywele kuisha kwa kuvutwa ni yetu peke yetu, Greenland kule kwenye barafu mwaka 1907 iliandikwa kuhusu wanawake waliokuwa wanabana nywele juu kwa kukaza, na Masingasinga wanaipata kwa kifundo cha chini ya kilemba.

Sista mi mwanaume, nina dredi mwaka wa nane, pembeni zimebaki zimening'inia kwa nyuzi mbili tatu. (Arusha)

Kata urefu kaka. Najua inauma, lakini ule uzito unauning'iniza kwenye mzizi usiku na mchana. Na usizungushe kila wiki, acha wiki sita au zaidi.

Mwanangu, nina miaka 57, mbele pamekuwa kama kiganja tangu nasuka uzi ujanani. Kuna dawa? (Morogoro)

Shikamoo mama. Sitakudanganya uende kuuziwa chupa ya elfu themanini. Kama ni kiganja kweli na ni miaka thelathini, mizizi ile haipo. Daktari wa ngozi akuangalie, maana pembezoni mwa kiganja panaweza kuwa na hai, na hizo ndizo za kulinda. Kuna upandikizaji wa nywele, ni ghali. Kilemba na wigi isiyotumia gundi ni halali yako kabisa, mi mwenyewe Jumapili nafunga kilemba na nasifiwa kuliko waliosuka.

Msusi wangu nikimwambia asikaze ananuna, anasema zitafumuka wiki moja nikamchafulie jina. (Sinza)

Nakubali, sisi wasusi tuna hiyo, na mi nilikuwa hivyohivyo. Mwambie kabla hajaanza, sio ameshafika kichwa nusu: "Mbele anzia sentimita mbili nyuma ya pale nywele zinapoanzia, vinywele vidogo uviache nje, kubwa kubwa, nitalipa ileile." Hiyo ya nitalipa ileile ndio inayofungua mlango. Alafu rasta ya kwanza ikiisha inua nyusi zako juu na chini. Zikigoma kupanda vizuri au ngozi ikavuta, mwambie afumue hiyohiyo moja, ni dakika mbili tu.