Maswali na Majibu: Jeshi la Mashetani, Mijusi ya Tendaguru na Epoksi Inayowahi Kuganda

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali za kusini, na zote zinahusu kubadilisha na kufinyanga vinyago vidogo vya michezo ya vita ya mezani. Naanza na ile inayohitaji nafasi kubwa.

Shikamoo fundi. Mjomba ameniletea sanduku la askari wa plastiki, wote mifupa mitupu wenye panga na ngao za Kizungu. Nataka wawe jeshi la mashetani wa Kimakonde, na kiongozi wao nimvike lipiko. Nianzie wapi? (Kijana, Newala)

Marahaba mwanangu. Umepata malighafi nzuri sana. Mifupa ni myembamba, kwa hiyo unaweza kuongeza nyama popote bila kinyago kuvimba, na ukikata kiungo hakibaki kidonda kikubwa cha kuziba.

Kabla hujashika kisu, nenda kwa wachongaji ukatazame shetani wa mpingo kwa macho yako. Utaona mambo yanayojirudia: jicho moja kubwa, sikio linaloshuka hadi begani, mdomo uliovutwa, mkono unaotokea pasipo na bega, tundu lililopenya katikati ya kifua. Chagua mawili, yasizidi matatu, kisha mpe kila askari hayo hayo. Ukimpa huyu pembe, yule mkia na wa tatu mabawa, utabaki na vinyago vizuri visivyojuana. Jeshi hutambulika kwa umbo linalorudiwa, na hilo naliamini kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii. Mimi ningechagua tundu la kifuani na sikio refu. Tundu unalipata kwa kukata mbavu chache na kuzungushia ukingo wake uzi wa epoksi, ule udongo wa kufinyangia wa sehemu mbili unaoganda ukishachanganywa. Sikio ni kipande bapa cha epoksi hiyo hiyo, kibandike kikiwa bado laini, halafu ukivute kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa.

Silaha ziache zionekane. Mpinzani akitupa jicho mezani ajue nani ana mkuki na nani ana upanga, na kitako, kile kibao anachosimamia askari, kibaki na ukubwa unaotajwa na kanuni za mchezo wenu. Ngao za Kizungu zing'oe. Kata nyingine kwenye kifuniko cha plastiki, uzichore mistari ya pembepembe ya chale.

Kuhusu lipiko: ni kinyago cha kichwa kizima, huvaliwa kikiwa kimeinama kwa nyuma, na anayecheza huona kupitia mdomoni. Ukiiga hivyo, uso wa kiongozi wako utatazama juu kidogo, na mkao huo peke yake utamtenga na wenzake. Lakini mapiko ni mambo ya jando, yana wenyewe. Waulize wazee wa kwenu. Wakikuambia sura fulani haifai kuwekwa mezani, iache bila kubishana. Kwenye mashetani una uhuru zaidi: mtindo huo ulishika kasi miaka ya 1950 kupitia wachongaji kama Samaki Likankoa, na tangu hapo kila mchongaji amekuwa akibuni wake.

Epoksi yangu ya kijani inaganda kabla sijamaliza uso, na inanata vidoleni kuliko kwenye kinyago. Nakosea wapi? (Dada, Lindi mjini)

Joto, dada yangu. Epoksi hizi za sehemu mbili huganda kwa mmenyuko wa kikemikali, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mmenyuko unavyokwenda mbio. Saa moja na nusu ya kazi wanayoipata mafundi wa nchi za baridi, wewe mchana wa Lindi huipati. Fanya kazi alfajiri au usiku, changanya kiasi cha punje ya dengu tu kwa wakati mmoja, na ile ambayo hujaichanganya ifunge vizuri uiweke kwenye friza.

Kama umenunua ile ya utepe wenye bluu na njano zilizogusana, kata ule mstari wa katikati uutupe kabla ya kuchanganya. Pale rangi mbili zinapokutana huwa pameshaganda, na ndiyo asili ya vile vijichembe vigumu vinavyoharibu mashavu na macho.

Kunata kuna dawa mbili. Kwanza, ukishachanganya subiri kidogo ishike ndipo uanze kuchora vitu vidogo. Ikiwa mbichi kabisa inafaa kubandika tu. Pili, kifaa chako kiwe na unyevu wa maji muda wote, au kipake mafuta ya mgando kwa mbali sana. Yakizidi, tabaka la pili halitashika. Uso nao usiufanye kwa mkupuo mmoja. Leo fuvu na matundu ya macho, kesho pua na midomo juu ya kilichokwisha kukauka. Kidole chako hakitaharibu tena kazi ya jana.

Kuna epoksi ya kufinyanga madukani Mtwara? (Msomaji, Shangani)

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ulizia epoksi ya vijiti wanayotumia mafundi bomba. Huganda kwa dakika chache na hukwaruza, kwa hiyo itumie kwa mawe, magogo na vitako. Nyuso agizia epoksi ya wafinyanzi, kama ile ya kijani au Milliput ya Uingereza. Kijipande kimoja kinafika mbali.

Mimi ni mchongaji. Je, naweza kuchonga askari wa milimita 28 kwa mpingo wenyewe? (Baba, Masasi)

Mkono wako unaweza, mzee wangu, ila mti utakukatalia kwenye vifundo vya mikono na mipini ya mikuki. Katika ukubwa huo kiungo kinakuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, na nyuzi za mti zikipita kwa upande, kinavunjika siku ya kwanza mezani. Tafadhali chonga jitu. Shetani mmoja wa sentimita kumi, mweusi, aliyesuguliwa kwa msasa mpaka akang'aa bila tone la rangi, akisimama nyuma ya askari wadogo waliopakwa rangi. Sijui pambo lingine linaloweza kushindana na hilo. Na kwa uzito wa mpingo, mti unaozama majini, hataangushwa na kiwiko cha mtu.

Kumshikiza kwenye kitako, toboa miguu kwa keekee ya milimita moja, ingiza kipande cha waya, kisha supa gluu. Gundi peke yake haitoshi. Na vumbi la mpingo linawasha, vaa barakoa.

Nataka kufinyanga mjusi wa Tendaguru awe mnyama wa vita. Awe na ukubwa gani? (Mwanafunzi, Lindi)

Swali limenifurahisha mno. Askari wa milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa karibu mara 60. Katika mijusi ya Tendaguru, yaani dinosaria waliochimbwa huko kwenu Lindi, yule mkubwa aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ambaye wataalamu sasa wanamwita Giraffatitan, ana kimo cha mita 13.27. Kwako atakuwa na sentimita 22, atakula epoksi yako yote. Mchukue Kentrosaurus, wa mita kama nne na nusu kutoka pua hadi mkia: sentimita saba na nusu tu. Tena ameumbwa kwa vita. Ana mabamba shingoni na mgongoni, halafu miiba mirefu inayoendelea hadi ncha ya mkia.

Anza na waya wa kufungia nondo uwe uti wa mgongo na miguu. Zungushia karatasi ya alumini ya jikoni, ikandamize iwe ngumu, hapo mwili umepatikana karibu bure. Epoksi iwe ngozi tu, milimita moja au mbili. Miiba tengeneza kwa vijiti vya meno, ingiza kabla ngozi haijakauka.

Nakuomba usiishie kwa mnyama. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwa nguvu za watu wa kwenu, ikabebwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wenye mizigo vichwani ni alama nzuri mno za kugombewa na majeshi mawili katikati ya meza, na msimamizi wao anastahili kinyago chake mwenyewe.

Nikipulizia rangi ya msingi inatoka na ungaunga mweupe. (Kaka, Mikindani)

Ni unyevu wa bahari. Masika achana na kopo la kupuliza, paka praima kwa brashi, mara mbili nyepesi.

Nimejifunza kutengeneza kalibu. Naweza kunakili vinyago vya kiwandani niuze? (Kijana, Nachingwea)

Hapana. Vile vina mwenyewe aliyevifinyanga. Finyanga chako, ukikamilishe kwa epoksi, kisha kalibu ukitolee hicho. Kichwa kimoja kizuri cha shetani ukikitoa nakala hamsini, yule kijana wa Newala hapo juu atakuwa mteja wako wa kwanza.