Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa Miguu: Ushauri kwa Mpenda Milima

Mara ya kwanza nilipofika Lushoto, mji ulio katika milima ya Usambara mkoani Tanga, nililala usiku mmoja tu. Asubuhi nilikodi gari hadi Irente, umbali wa kilomita chache kutoka mjini, nikasimama ukingoni mwa jabali, nikatazama mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyojipanga huko chini kama mistari ya daftari, nikapiga picha zangu, na kabla jua halijazama nikawa nimeshateremka Mombo, chini ya milima, nikiamini kwamba Usambara nimeiona. Nimerudi mara nne tangu siku hiyo, na kila nikirudi huionea aibu ile safari ya kwanza. Irente ni mahali pazuri, wala simzuii mtu kwenda, lakini pale mtu anatazama nyika iliyo chini na kuipa milima mgongo.

Ushauri wangu ni kwamba utenge siku nne au tano, uache gari Lushoto, na utembee kwa miguu kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya safu ya magharibi. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, siku tatu za kutembea zinatosha, na siku inayobaki ni akiba ya mvua. Hapa nazungumzia Usambara Magharibi. Wengi huichanganya na Usambara Mashariki, ambako kuna Amani na Mto Zigi unaowapatia maji wakazi wa Tanga. Hiyo ni safari nyingine, nayo huanzia Muheza.

Kuhusu majira, usinifuate nilivyofanya safari ya pili, nilipokwenda mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nikiwa na raba ambazo soli zake zilikuwa zimelika. Udongo wa huko ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukilowa, njia ya mteremko hugeuka sabuni. Nilianguka mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa amejitwika mzigo wa kabichi kichwani, peku, alinipita akinipa pole bila hata kupunguza mwendo. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo rahisi kwa mtembezi, ingawa Juni na Julai baridi ni kali kwa sisi tuliozoea joto la Dar es Salaam, kwa hiyo sweta nzito si anasa. Mwenye kupenda matunda aende Desemba au Januari, wakati plamsi na mapeasi yanapouzwa kwa ndoo kando ya barabara ya Soni, akijua kwamba mvua za vuli huenda zikawa bado hazijaaga.

Jambo la pili ni kiongozi, na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ni gharama ya bure kwa mtu anayejua Kiswahili na mwenye ramani kwenye simu. Katika safari hiyo hiyo ya Aprili, baada ya kulipia kibali cha kuingia katika hifadhi ya msitu wa asili wa Magamba, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, niliamua kuendelea peke yangu kuelekea Lukozi. Nilipotoka msituni ukungu ulishuka, simu ikaisha chaji, na njia niliyoifuata kwa saa nzima ikaishia kwenye shamba la viazi. Mzee mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, njia hii unakwenda kwa nani?" Hakuuliza ninakwenda wapi. Ndipo nilipotambua kwamba vijia vingi vya milimani huelekea kwa mtu, kwenye boma lake au shamba lake, na asiye na wa kumwendea hana sababu ya kuwa pale. Mzee alinirudisha hadi barabarani, mwendo wa zaidi ya nusu saa, akakataa fedha.

Tangu hapo hutembea na kijana wa huko. Kiongozi mzuri hujua njia, lakini faida yake kubwa ni kwamba anajulikana: akisalimia kwa Kisambaa, lugha ya wenyeji, milango inafunguka, na mgeni anapewa kigoda na ndizi kabla hajasema ana njaa. Jifunze angalau salamu ya asubuhi na "hongea" ya kushukuru. Mwulize pia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe pori aliyetoka milima ya Nguu na kupewa utawala na Wasambaa, ambaye wazao wake, Wakilindi, walitawala kutoka Vuga, mji wao mkuu. Simulizi hiyo hunoga zaidi msituni Magamba, wakati mbega wenye manyoya meusi na meupe wanaporuka juu ya vichwa vyenu.

Kwa upande wangu, kilichonifungua macho zaidi kuliko mandhari yoyote ni maji. Safari ya tatu nilimwomba kiongozi tufuate kijito kimoja tangu kinapotoka msituni. Juu, chini ya miti ya asili, maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba niliweza kuhesabu kokoto chini yake, na baridi yake iliniuma vidole. Tuliposhuka bondeni, wakulima walikuwa wamekikata kijito kwa mifereji midogo, mmoja kwa karoti, mwingine kwa hoho, na mvulana mmoja alikuwa akifungua na kuziba mfereji kwa mguu tu, akisogeza tope kwa kisigino. Hapo chini, vijana walikuwa wakipakia matenga ya nyanya kwenye lori la kwenda Kariakoo, na kijito kilikuwa kimebadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa. Katika mwendo wa asubuhi moja nilikuwa nimeona kazi ya msitu na kazi ya jembe bila mtu kunihubiria. Mto Umba nao huanzia katika milima hii, ukateremka nyikani na kuvuka mpaka hadi baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Ukiuvuka ukiwa bado mchanga huko juu, jaribu kulifikiria hilo.

Vijijini, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usigawe pipi kwa watoto. Ukitaka kusaidia, nunua chakula na malazi hapo hapo. Beba fedha taslimu za kutosha tangu Lushoto.

Mtae fika alasiri. Kijiji kiko juu ya ukingo mwembamba, bonde likishuka pande zote mbili, na jioni jua huzama mbali, ng'ambo ya nyika ya Mkomazi na milima ya Upare. Jifunike vizuri, kaa nje hadi giza liingie, kisha kabla ya kulala mwulize mwenyeji wako mambo mawili: basi la kurudi Lushoto linaondoka saa ngapi, na nani atakuamsha. Huondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri, na safari yangu ya kwanza ya Mtae nililisikia likipiga honi nikiwa bado natafuta kiatu cha pili.