Maswali ya Wasomaji: Bustani Mashuhuri na Saa Zake

Swali: Nina likizo mwezi Juni na nimekusudia kwenda Uholanzi kuona tulipu za Keukenhof. Wiki ipi inafaa zaidi?

Jibu: Juni utakuta lango limefungwa. Keukenhof, bustani ya maua iliyoko Lisse, hupokea wageni kwa wiki nane hivi tu kwa mwaka, katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Matunguu ya maua, yaliyo mfano wa kitunguu, yapatayo milioni 7 hupandwa kila vuli kwa mkono. Sehemu nyingine hupandwa kwa tabaka: tulipu zinazochelewa huwekwa chini kabisa, zinazowahi huwa juu yake, na krokasi, maua madogo yanayowahi zaidi, hukaa karibu na uso wa udongo. Tuta moja basi huchanua kwa zamu, aina moja ikinyauka nyingine inachomoza palepale.

Ukizitaka tulipu zenyewe, lenga nusu ya pili ya Aprili. Ukienda Machi utaona zaidi krokasi na dafodili. Nunua tiketi mapema, kwani kila tiketi ina siku na saa yake ya kuingia. Jihadhari pia na jambo moja linalowashangaza wengi: mashamba ya wakulima nje ya bustani yanaweza kuwa ya kijani kitupu huku ndani maua yamejaa. Mkulima anauza tunguu, si ua. Kwa hiyo maua yakishafunguka huyakata vichwa ili nguvu yote ya mmea irudi chini kwenye tunguu. Kama shabaha yako ni picha za mashamba, usingoje Mei.

Swali: Picha nyingi za jioni za bwawa la mchoraji Claude Monet huko Giverny, Ufaransa, zinaonyesha mayungiyungi yamefumba. Yana ugonjwa?

Jibu: Hapana, yamelala tu. Yungiyungi la nchi za baridi hufunguka jua likishapanda na kuanza kufumba alasiri. Siku ya mawingu na baridi huenda lisifunguke vizuri. Fika Julai au Agosti, na uwe kando ya bwawa kabla ya saa sita mchana. Bustani hiyo hufunguliwa tarehe 1 Aprili na kufungwa mwanzoni mwa Novemba.

Yungiyungi kubwa la Amazoni hufanya kinyume chake, na katika bustani ya Pamplemousses, nchini Mauritius, lina bwawa zima. Ua lake hufunguka jua likitua likiwa jeupe, hutoa harufu na joto la kuwavuta mbawakawa, kisha hufumba na kuwafungia ndani. Jioni ya pili hufunguka tena likiwa la waridi, likawaachia wakiwa wamejaa chavua, halafu likazama. Jani lake huweza kuzidi mita 2 kwa upana. Litazame ukingoni: limejikunja juu kama sinia, na lina mkato wa kupitishia maji ya mvua. Bila huo lingejaa na kuzama. Miiba iko upande wa chini. Kwa kuwa bustani hufungwa kabla ya giza, wahi lango linapofunguliwa asubuhi.

Swali: Kuna bustani kubwa isiyo na kiingilio?

Jibu: Ipo Singapore Botanic Gardens, iliyoanzishwa 1859 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 2015. Hufunguliwa saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku, bure. Sehemu ya okidi peke yake ndiyo ya kulipia, na inastahili. Nenda asubuhi, mchana ni joto, na alasiri mara nyingi ni mvua.

Swali: Nitakuwa Kanazawa, Japani, mwezi Desemba. Bustani ya Kenroku-en itakuwa na nini bila maua?

Jibu: Itakuwa na kamba. Kuanzia tarehe 1 Novemba watunzaji husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari, kisha huteremsha kamba kutoka kileleni na kufunga kila moja kwenye tawi lake, mti ukaonekana kama mwavuli ulio wazi. Si pambo. Theluji ya huko ina maji mengi, ni nzito, na tawi la mlalo la msonobari mkongwe huvunjika chini ya uzito wake. Simama chini ya msonobari wa Karasaki kando ya bwawa, utazame juu uone vifundo. Vaa viatu vyenye meno, maana vijia vikiganda huteleza.