Kupungua Mwili kwa Chakula cha Nyumbani na Dumu la Maji

Watu walioniona zamani na wakaniona sasa wananiuliza swali lilelile: "Unatumia dawa gani?" Wengine hunivuta pembeni kabisa, maana mjini hapa chai za kukata tumbo, vidonge vya kuyeyusha mafuta na mikanda ya kubana kiuno vinauzwa kila kona, na mtu anaamini lazima nimo kwenye mojawapo. Situmii dawa. Nilipunguza wanga, nikaanza mazoezi sebuleni, na nimeendelea hivyo mpaka imekuwa ndiyo kawaida yangu.

Naandika kwa ajili ya mtu wa Dar mwenye kipato cha kawaida, anayekaa kazini kutwa kama mimi ninavyokaa nyuma ya kaunta ya duka Kariakoo, na ambaye ameaminishwa kwamba bila unga wa lozi, mbegu za bei mbaya na ada ya jimu hawezi kupungua. Anaweza. Karibu kila anachohitaji kipo genge la mtaani kwake.

Tazama siku ya kawaida ya mjini. Asubuhi chai ya sukari na chapati mbili, au maandazi, au vitumbua. Saa nne mihogo ya kukaanga na soda. Mchana wali umejaa sahani, maharage juu yake, kipande cha samaki na mchicha wa kuonja. Jioni, kabla hata hujafika nyumbani, chipsi mayai. Usiku ugali. Mchana kutwa ni wanga juu ya wanga. Wanga ukishameng'enywa huwa sukari ndani ya damu, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie kwenye seli. Inayohitajika hutumika, kiasi huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na ukizidi kula kuliko unavyotumia, ziada huishia kuwa mafuta. Anayelima kutwa au kubeba magunia pale sokoni ataitumia. Mimi niliyekaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi, nikapanda daladala ya Segerea na kukaa tena kwenye foleni, nitaitumia wapi?

Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na mchele mkavu unakaribia gramu 80. Anayekula wanga kidogo kwa kawaida hubaki chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Ule mpango mkali unaoitwa keto hushuka chini ya gramu 50. Sasa pima mwenyewe: ugali wa mlo mmoja, ule wa mtu mwenye njaa ya mchana, peke yake unaweza kufika gramu 100. Keto mimi sikuigusa, na simshauri mtu anayelisha familia aanzie huko. Nilichofanya ni kugeuza vipimo vya sahani. Mboga za majani zinachukua nusu, samaki au nyama au mayai robo nzima, na wali au ugali unabaki wa ukubwa wa ngumi yangu, tena si kila mlo.

Kwa mama ntilie hili ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Namwambia, "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga na samaki, nitakuongeza hela." Siku za mwanzo atakushangaa. Baadaye atakuwa anakupakulia hivyo kabla hujasema.

Na sisi watu wa pwani tumebarikiwa kwenye hili. Samaki hana wanga. Kibua, changu, dagaa, jodari akipatikana, pweza, wote hao ni chakula cha kupungulia mwili bila kukonda vibaya. Ukiweza kuamka mapema, nenda soko la samaki la Feri na jirani mmoja au wawili, mnunue fungu kubwa kwenye mnada mgawane. Mwenyewe utaona tofauti na bei ya rejareja ya mtaani. Mapishi ninayoyapenda kuliko yote ni chukuchuku: samaki, maji, chumvi, ndimu, nyanya, kitunguu, bamia na bilinganya ndani yake, pilipili ya kuelea juu. Unashiba hasa. Jioni, badala ya chipsi, supu ya pweza ya barabarani itakufikisha nyumbani bila kukufanya ufungue sufuria kwa pupa. Mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga na kabichi kula utakavyo. Kisamvu nakipika kwa nazi au karanga, na siku hiyo siongezi mafuta mengine.

Nasema hilo la mafuta kwa kusudi, kwa sababu wapo wanaosikia "punguza wanga" wakaelewa kwamba wameruhusiwa kumwaga mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Parachichi kula, ni zuri na linashibisha, lakini nusu inatosha kwa mlo. Karanga pia, kiganja kimoja. Korosho zetu ni tamu mno, na zina wanga karibu mara mbili ya karanga, kwa hiyo hizo ziwe za kuonja.

Maharage na kunde vina wanga, ila vina protini na nyuzinyuzi nyingi. Nikila maharage yanachukua nafasi ya wali, hayaufuati. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki, lakini wanga wake haupishani sana, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba dona unaweza kula bila kipimo. Asali ni sukari. Juisi ya embe au ya miwa ni sukari pia, hata kama imekamuliwa mbele yako. Soda ya mililita 350 hubeba sukari ya gramu 35 au zaidi, na ndiyo kitu cha kwanza ninachomwomba mtu aache, kabla hata hatujazungumza habari za ugali. Mwenye hamu ya matunda ale papai au tikiti kipande. Ndizi mbivu na embe viwe mara mojamoja.

Nyumbani kwangu hakupikwi vyungu viwili. Watoto wanakua, wanakula wali wao na viazi vyao, na baba yao anakula ugali kama alivyozoea. Kinachotofautiana ni jinsi ninavyojipakulia. Tafadhali usimwingize mtoto kwenye mpango huu kwa sababu tu wewe umeuanza.

Sasa kuhusu mzani. Mwili unapokula wanga kidogo huanza kutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba ile huhifadhiwa pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu moja. Kwa hiyo kilo mbili tatu zinazotoka haraka mwanzoni kwa sehemu kubwa ni maji. Siyasemi haya kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili kasi ikipungua baadaye usidhani mpango umekufa, maana hapo ndipo mafuta yanapoondoka, polepole. Siku hizo za mwanzo huja na kichwa kuuma, uchovu, wakati mwingine choo kigumu. Maji ya kutosha, mboga nyingi na supu yenye chumvi kidogo husaidia, isipokuwa kama una presha na umeambiwa uache chumvi. Wewe fuata ulichoambiwa.

Je, wanga kidogo ni bora kuliko njia nyingine? Napenda tuwe wakweli hapa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 waliogawanywa makundi mawili: wa kupunguza mafuta na wa kupunguza wanga. Baada ya miezi 12 makundi yote yalikuwa yamepungua kilo 5 hadi 6 kwa wastani, na tofauti baina yao haikuwa ya maana. Wote walikuwa wamehimizwa kula mboga nyingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Mimi nimechagua njia ya wanga kwa sababu moja tu: njaa. Nikianza siku kwa mayai na parachichi, saa nne inapita bila kuwaza mihogo. Nikianza kwa chapati na chai ya sukari, saa nne nina njaa ya kutetemeka. Kama mwili wako unatulia kwa utaratibu mwingine, fuata huo na udumu nao.

Mazoezi peke yake hayatakupunguza sana. Nusu saa ya kutembea haraka huchoma kalori zinazokaribiana na zilizomo kwenye chupa moja ya soda, na soda inanyweka kwa dakika mbili. Lakini mtu anayepungua bila mazoezi hupoteza misuli pamoja na mafuta, anabaki mlegevu, na uzito hurudi kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Mimi hufanya alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla nyumba haijaamka, kwa sababu joto la Dar la kuanzia Desemba mpaka Machi halimwachi mtu aruke saa mbili asubuhi kwenye chumba kisicho na feni. Nasogeza meza, natandika mkeka. Naanza kwa kutembea palepale nikinyanyua magoti mpaka mwili upate moto. Kisha kuchuchumaa na kusimama. Asiyeweza aweke kiti nyuma yake, akae, ainuke bila kushika kitu. Kisha pushapu, na hapa nawaomba wanawake wenzangu msiogope: anza kwa kusukuma ukuta, ukizoea sukuma ukingo wa meza imara, halafu magoti chini, halafu ndiyo ile kamili. Sikuruka kamba, kwa sababu mwili mzito na kamba huumiza vifundo na magoti. Wepesi ukija, kamba itakungoja.

Vifaa ninavyo jikoni. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, ndoo ya lita 10 ni kilo 10, wala huhitaji kununua chuma. Ninainama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu kuelekea mbavuni, mkono mmoja kisha mwingine. Nanyanyua madumu mawili juu ya mabega. Nashika ndoo mbili na kutembea nazo uani kwenda na kurudi. Namalizia kwa kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, tumbo limekazwa, mpaka pumzi inapoanza kuniishia. Dumu likiwa jepesi naongeza ndoo. Siku za katikati natembea tu: nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu.

Kwa kupima, nunua futi ya fundi cherehani. Zungusha usawa wa kitovu asubuhi kabla hujala. Kipimo kinachofaa ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako, yaani mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo, na futi huyaona hata wiki ambayo mzani umegoma.

Wapo wasiopaswa kuanza bila kuonana na daktari, na hapa nasisitiza kwa moyo wote. Mwenye kisukari anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamaidi, akipunguza wanga ghafla huku dozi ikiwa ileile, sukari inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatoka jasho na kuanguka. Dozi hupunguzwa na daktari, si na wewe wala mimi. Wenye dawa za presha pia wapimwe mara kwa mara, kwa kuwa presha hushuka mwili unapopungua. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye matatizo ya figo waulize kwanza.

Kisha kuna maneno ya watu, na haya ndiyo yaliyowashinda wengi ninaowajua. Kwetu mtu akipungua anaulizwa, "Vipi shoga, unaumwa? Shemeji anakutesa?" Mama mkwe atakutazama kwa huruma na kukuongezea pilau. Jibu langu kwa wakubwa ni la adabu na fupi: "Mama, niko salama, nimepimwa, sukari iko vizuri." Neno hilo la kupimwa huwatuliza kweli, kwa sababu hofu yao ni upendo. Kwenye vikao vya harusi naomba maji mapema kabla soda hazijagawiwa. Kwenye futari, ambako mihogo, magimbi, viazi na tambi vinakaa meza moja, nachagua kimoja, na supu inatangulia. Na kwenye sherehe pilau nakula, ile ya ngumi moja, na nyama na kachumbari kwa wingi. Kesho yake asubuhi ni mayai kama kawaida. Usishinde njaa kufidia pilau ya jana, maana ikifika saa kumi na mbili jioni utajikuta umesimama mbele ya kikaango cha chipsi.