Majibu ya figo: namba moja haisemi kitu

Kreatinini yangu imetoka 118. Figo zimekufa?

Swali hili linanifikia mara kwa mara, na kila mara huja hivi: namba tupu. Hakuna umri, hakuna jinsia, hakuna kipimo cha mkojo. Siwezi kulijibu.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, kwa hiyo namba ileile haina maana moja kwa kila mtu. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 118 (mikromoli kwa lita) ana uwezo wa kuchuja, ule unaoandikwa eGFR, wa karibu 75. Bibi wa miaka 75 mwenye 118 hiyohiyo ana karibu 41. Mmoja pengine ni mzima, mwingine anahitaji ufuatiliaji. Isitoshe, maabara nyingine huandika kwa miligramu, ambapo 118 ni sawa na 1.3. Nimewaona watu wakilia kwa furaha kwamba kreatinini "imeshuka" kutoka 118 hadi 1.3, kumbe wamebadilisha maabara tu. Soma kipimio (mikromoli au miligramu) kabla ya kusoma namba.

Hata eGFR ikiwa chini ya 60, jibu moja halitoshi kukuita mgonjwa wa figo wa kudumu. Lazima hali hiyo idumu angalau miezi 3. Kama ulipima ukiwa umeishiwa maji kwa kuharisha, umetoka kula nyama nyingi, unatumia unga wa kreatini wa wanamazoezi au dawa yenye trimethoprimu (antibiotiki iliyomo kwenye Septrini), mwambie daktari. Kuharisha kunaweza kuelemea figo kwelikweli. Hayo mengine hupandisha namba hata figo zikiwa salama.

Damu imetoka safi, lakini daktari anataka na mkojo. Si kunipotezea hela?

Hapana! Ningekuwa na uwezo ningeliandika jibu hili kwenye mlango wa kila maabara. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake huku kreatinini ikiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida. Mkojo husema mapema zaidi, hasa kwa mwenye kisukari: chujio likianza kuharibika, protini iitwayo albumini huvuja. Wengi wanaofika kwenye mashine ya kusafisha damu wakisema "nilikuwa napima kila mwaka" walikuwa wanapima nusu tu.

Omba uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ikiwezekana mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Kati ya 30 na 300 ni onyo, na bado kuna nafasi kubwa ya kuokoa. Zaidi ya 300 ni hatari. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo ni kizuri kwa kuanzia, ila kinaweza kukosa uvujaji mdogo, na huo ndio tunaoutafuta. Homa, mazoezi makali, maambukizi ya mkojo na hedhi vyote vinaweza kuvuruga jibu, kwa hiyo rudia kabla ya kuamini.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 apime damu na mkojo tangu siku anayoambiwa ana kisukari, kisha kila mwaka. Wa aina ya 1 aanze baada ya miaka 5. Mwenye presha naye asijitoe.

Mgongo unaniuma, ni figo?

Mara nyingi ni misuli. Ugonjwa wa figo wa kudumu kwa kawaida hauumi, ndiyo maana tunapima.

Ultrasaundi imeonyesha figo ziko sawa. Inatosha?

Haitoshi. Picha inaonyesha ukubwa, mawe na njia iliyoziba. Haikuambii zinachuja kiasi gani.

Nimeanzishiwa enalaprili, dawa ya presha, na kreatinini imepanda kidogo. Niache?

Usiache bila kumwona aliyekuandikia. Dawa hii hupunguza msukumo ndani ya machujio, na ongezeko lisilozidi asilimia 30 katika wiki za mwanzo huvumilika. Kinachotakiwa ni kupima tena kreatinini na potasiamu ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukitaka kuacha kitu, acha diklofenaki na ibuprofeni unazomeza kila mgongo ukikaza. Hizo ndizo adui.

Kuna dawa ya mitishamba ya "kusafisha figo" kabla ya vipimo?

Hakuna, na usiitafute. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliripoti wanawake ambao figo zao ziliharibika baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba. Kisa kilifuatiliwa hadi kwenye mimea ya jamii ya Aristolochia, ambayo pia husababisha saratani ya njia ya mkojo. Kunywa maji mengi kabla ya kupima nako huzimua mkojo tu, na kijiti kikaona kidogo kuliko kilichopo.

Baba ana eGFR 22 lakini anajisikia mzima. Tusubiri dalili?

Msisubiri. Chini ya 30 ni wa kumwona daktari bingwa wa figo sasa, wakati bado kuna muda wa kujipanga. Na leo hii mwambieni asikubali kutolewa damu wala kuwekewa dripu kwenye mkono asioutumia kuandikia. Mishipa ya mkono huo inaweza kuhitajika baadaye kwa kusafisha damu.