Kwa Wanaoanza Kushika Mkia wa Ndege ya Kujiundia

Wadogo zangu mliotoka NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na ninyi wengine mnaoletwa na mapenzi ya ndege tu, mkianza kuzunguka kwenye mahanga ya uwanja wa ndege pale Kipawa ipo siku mtaitwa kwenye ndege ambayo haikutoka kiwandani. Mwenyewe ameiunda kwa mikono yake, au ameinunua kwa aliyeiunda, na anataka mkia uguswe: taa mpya, rangi mpya, kibao cha trimu (kile kidogo kinachoshikilia pua mahali rubani anapotaka) kinachogonga, usukani wa mkiani unaogeuza pua kushoto na kulia anaouona mdogo upepo wa kusi ukipiga kwa ubavu. Nazungumzia mkia peke yake kwa sababu ndiko mgeni wa kazi hii anakojiamini mapema mno. Unaufikia bila ngazi, bati lake ni jembamba, vipande vyake unavibeba kwa mkono mmoja. Basi mtu anashika drili.

Usiishike bado. Omba kwanza michoro ya aliyeibuni ndege na daftari la aliyeijenga. Ndege mbili zilizotoka kwenye kiti (seti ya vipande vya kujiundia) ya aina moja si lazima zifanane mkiani, kwa kuwa kila mjenzi huamua vitu vyake: huyu ameongeza kipande cha pembe, yule amehamisha antena, mwingine amebadilisha bawaba. Kama daftari liko kimya na unachokiona hakifanani na mchoro, hapo ndipo kazi yako inapoanzia, hata kama umeitiwa taa tu. Na mabadiliko yoyote ya muundo yafike kwa mbunifu na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya tundu la kwanza kutobolewa. Wapo wanaoona huo ni mzunguko wa makaratasi. Mimi naona ndiyo nafasi pekee ya mtu mwingine mwenye akili kuitazama hesabu yako wakati bado inarekebishika.

Jambo ambalo nataka mlielewe kuliko yote ni flata, yaani mtetemo wa kipande unaojiongezea nguvu wenyewe. Elevata, kile kipande cha mlalo kinachoinua na kushusha pua, na usukani vimening'inia kwenye bawaba. Uzito ukizidi nyuma ya bawaba, hewa ikikisukuma kipande kidogo tu, kinachelewa kurudi, na kikirudi kinapitiliza. Hewa inakiongezea nguvu, kinapitiliza zaidi, na mwendo huo unajilisha wenyewe mpaka kitu kivunjike. Mara nyingine ni suala la sekunde chache, rubani hajapata hata muda wa kupunguza mwendo.

Hili si jipya. Mwaka 1916 huko Uingereza, ndege ya mabomu ya Handley Page O/100 ilipatwa na mtetemo mkali wa mkia. Elevata ya kushoto na ya kulia ziliendeshwa kila moja na kebo zake, kwa hiyo moja iliweza kupanda huku nyenzake ikishuka, na kiwiliwili cha ndege kikawa kinasokoteka. Dawa ilikuwa kuziunganisha kwa bomba gumu ili ziende pamoja. Ukiona bomba au flanji inayounganisha elevata mbili kwenye ndege unayoikagua, ujue iko pale kwa sababu hiyo. Ikague viungo vyake kwa mkono na kwa macho. Shika ncha za elevata zote mbili, jaribu kuzisukuma kinyume, na usikubali mchezo wowote pale katikati.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Tuseme usukani umepakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani, zikaongezeka gramu 60 ambazo kwa wastani ziko sentimita 25 nyuma ya bawaba. 60 mara 25 ni 1,500. Kama uzito wa kusawazisha, ile risasi (madini mazito) ya mbele, uko sentimita 10 tu kutoka kwenye bawaba, unahitaji gramu 150 za risasi kuzifuta gramu 60 za rangi. Rangi ya zamani itolewe kwanza, ndiyo ushauri wangu, na kila kipande kipimwe upya baada ya kupakwa, kikiwa kikavu na vitu vyote vinavyostahili kuwepo vikiwepo: kibao cha trimu, fimbo yake, ncha ya faibaglasi. Kiondoe kwenye ndege, kilaze kwenye mstari wa bawaba juu ya vishikizo visivyokwaruza, mahali pasipo upepo. Feni ya hanga izimwe, maana inatosha kukudanganya. Kisha linganisha na kile mchoro unachodai. Wabunifu hawadai kitu kimoja: mmoja anataka usawa kamili, mwingine anaruhusu nyuma pawe pazito kiasi fulani. Usilete kanuni ya ndege nyingine.

Kitu cha pili ni kulegea. Tarehe 16 Septemba 2011, kwenye mashindano ya ndege ya Reno, Nevada, ndege ya kivita ya zamani, P-51, iliyokuwa imefanyiwa mabadiliko makubwa ilianguka ikaua watu 11, rubani akiwemo. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walilifuata tatizo mpaka kwenye kibao cha trimu cha elevata. Nati za kujifunga zilikuwa zimechakaa kile kipande chake cha ndani kinachobana uzi, skrubu zikalegea, moja ikaingia ufa, kibao kikapoteza ugumu wake, flata ikaanza. Waligundua pia kwamba ndege ile ilikuwa na mabadiliko makubwa ambayo hayakuandikwa wala kujaribiwa. Nati! Mjifunze kuzitupa. Nati ya kujifunga ikipita kwenye uzi wa bolti kwa vidole vyako mpaka mwisho bila kukataa, haina kazi tena. Na mahali bolti inapozunguka, kama kwenye kiungo cha fimbo ya elevata, nati ya kujifunga peke yake haitoshi: panahitaji nati yenye mifereji na kotapini (pini ya kupinda inayoizuia nati isizunguke) mpya.

Najua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani utapata bolti inayoingia kwenye tundu vizuri kabisa, kwa bei ya soda. Iache. Bolti ya chuma ya ndege ya aina ya AN ina alama ya msalaba au nyota kichwani. Isiyo na alama huwezi kujua imetengenezwa kwa chuma gani. Ile ndogo ya AN3, ambayo mtaikuta sana mkiani, kwa kawaida inakazwa kwa takriban niutoni-mita (Nm) 2.3 hadi 2.8. Kwa spana ya kawaida mkono wa kijana unapita hapo bila yeye kuhisi, kwa hiyo tumia spana ya kupimia.

Sasa hewa yetu. Chumvi ya bahari inafika Kipawa, na unyevu wa Dar haupumziki. Pale bolti ya chuma inapogusana na aluminiamu, chumvi na maji vinamalizia. Tafuta unga mweupe kuzunguka vichwa vya ribiti, na bati lililovimba kwenye maungio. Ukiona mstari mweusi ukitokea kwenye ribiti kuelekea nyuma, ribiti hiyo inacheza na inajisaga. Usisugue aluminiamu kwa brashi ya chuma, na usichore alama kwa penseli: ile nyeusi yake inaanzisha kutu. Tumia kalamu ya wino.

Masika yakianza, kazi yenu ya kwanza iwe matundu ya kutolea maji chini ya elevata na usukani. Nyigu wa udongo wanayapenda matundu hayo. Likizibwa, maji yanakaa ndani, na yanakaa nyuma ya bawaba, pale pale ambapo rangi ilikuwa inatuletea shida. Ingiza waya laini, kisha inamisha kipande na usikilize kama kuna kitu kinachotembea ndani.

Nyufa nazo zisizungukwe. Mwaka 2014 Van's Aircraft, kampuni ya Marekani inayouza kiti za ndege, walitoa maelekezo ya kukagua nyufa kwenye boriti ya mbele ya bawa la mlalo la mkia kwa baadhi ya modeli zao za RV. Chukua kioo cha kukuza mara 10 na taa kali, angalia kwenye kona za bati lililokunjwa. Ukikuta ufa, fuata maelekezo ya mbunifu wa ndege hiyo, si fundi wa hanga la jirani.

Kwa anayetaka kuongeza kitu: ndege ya kilo 500 ukiiwekea kilo moja mkiani, mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, kitovu kinarudi nyuma karibu milimita 8. Ili kukirudisha kwa uzito uliokaa mita moja mbele, unahitaji kilo 4. Taa, antena, gurudumu kubwa zaidi la nyuma, yote yanaingia kwenye hesabu hiyo, na zile gramu za risasi pia. Ndege ipimwe kwenye mizani upya, makadirio hayatoshi.

Kabla haijaruka, mmoja akae ndani na mwingine asimame mkiani, asiyekuwepo wakati wa kuunganisha. Fimbo ikivutwa nyuma, ukingo wa elevata upande. Pedeli ya kulia, ukingo wa usukani uende kulia. Kwenye trimu simameni zaidi: ukiweka ya kushusha pua, kibao kinapaswa kupanda, kwa sababu chenyewe ndicho kinachoisukuma elevata ishuke. Mota ya umeme ya trimu ikigeuzwa nyaya zake mbili, itafanya kazi kwa ulaini kabisa, kinyume.

Safari ya kwanza ni ya rubani mwenye uzoefu wa majaribio, akiwa peke yake, juu vya kutosha, mwendo ukiongezwa hatua ndogo ndogo ndani ya mipaka ya mbunifu. Mtetemo wowote kwenye fimbo, anapunguza moto, anainua pua taratibu, anarudi. Ikishatua, ninyi mnafungua mifuniko ya mkia na kupitia kila nati upya, hata kama rubani anasema imeruka vizuri.